Kostimu ya Papa na Mkasi wa Fundi



Juma lililopita mama mmoja wa chama chetu alinisimamisha mbele ya mlango wa kanisa akaniuliza: "Madamu, kijana wangu anaoa mwezi wa nane. Nimnunulie kostimu ya tayari, ao nimpeleke kwa fundi?" Nilimjibu kwa maneno mawili tu, maana mvua ilikuwa inakuja. Leo ninamjibu vizuri, na ninyi wengine msikilize. Swali hili litaingia katika kila nyumba yenye kijana: akimaliza masomo atalihitaji, akitafuta kazi atalihitaji, akioa ndiyo kabisa. Na mara nyingi feza ya kostimu hiyo inatoka katika kikapu cha mama.

Sitawajibu kama mtu anayejua yote. Nitawajibu kama mtu aliyekosea kwanza.

Miaka miwili iliyopita mdogo wangu alioa. Papa yetu alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo mimi, mkubwa, ndiye niliyebeba mambo mengi ya harusi pamoja na mama. Zamu yangu ya likilimba ilipofika, nilichukua feza yote nikaenda na mdogo wangu mjini, katika butiki kubwa yenye vioo. Tulichagua kostimu nyeusi inayong'aa. Juu ya mkono wa vesto kulikuwa na kitambulisho kilichoshonwa, chenye maneno ya kigeni ambayo hakuna mmoja wetu aliyeyaelewa. Tulikisoma kwa heshima kana kwamba ni diploma.

Mdogo wangu alipoivaa, kola ilisimama mbali na shingo. Mikono ilikuwa mifupi, na alipoinua mkono, vesto nzima ilipanda pamoja naye. Muuzaji akasema: "Itazoea mwili." Nami nikarudilia maneno hayo kama mwanafunzi: itazoea mwili. Wamama, nguo haizoei mwili. Mwili ndio unaoizoea, na mwenye mwili anateseka.

Siku ya ndoa ya serikali tulikuwa kwenye komini. Mnajua ile saa ambapo bwana na bibi wanashika bendera. Mdogo wangu akanyosha mkono, na mshono wa kwapa ukapasuka. Tulisikia sauti yake hata sisi tuliokaa nyuma. Watu wakacheka kidogo, kwa upendo, lakini yeye alibaki amebana mkono mbavuni mpaka mwisho, na katika picha zote anaonekana kama mtu mwenye kidonda. Wakati wa kutoka mvua ya Bukavu ikatunyeshea. Kesho yake nguo ilipokauka, kifua cha vesto kilikuwa kimefura vipovu, kama mkate uliokosewa. Nikapiga pasi. Vipovu vikaongezeka.

Ndoa ya kanisa ilikuwa nyuma ya juma mbili. Feza ilikuwa imekwisha.

Ndipo nilipokumbuka atelie iliyo katika kartie yetu, ambayo nilikuwa ninapita mbele yake kila asubuhi nikienda kufundisha. Ni nyumba ndogo ya mabati. Mbele wanauza shemizi, kravati, mikaba na vifungo. Katikati kuna vitambaa vilivyokunjwa juu ya mbao. Nyuma kuna mashini tatu za kushona na pasi ya makaa, maana umeme hauaminiki. Fundi ni mzee mwenye miwani. Bibi yake ndiye anayeshika daftari na feza. Miaka yote hiyo nilikuwa ninawasalimia tu. Kwa kufupisha pantalo za watoto nilikwenda kwao, lakini kwa kostimu ya harusi nilikwenda mjini. Nilipoingia na ile vesto ndani ya mfuko, nilisikia haya, lakini mzee hakuniuliza kwa nini. Aliigeuza tu, akaangalia ndani.

Ninataka mjue alichonionyesha, kwa sababu tangu siku hiyo sinunui tena nguo ya mwanaume bila kuigeuza.

Kati ya kitambaa cha nje cha vesto na bitana ya ndani kuna kitambaa cha tatu ambacho hakionekani. Ndicho kinachofanya kifua kisimame vizuri na kola ilale. Katika kazi nzuri ya zamani, kitambaa hicho cha katikati kinashonwa kwa mkono, kwa nyuzi nyingi ndogo, kisha kinaachwa kitembee kidogo pamoja na mwili. Katika vesto nyingi za bei ya chini kinabandikwa kwa gundi na joto. Si kila gundi ni mbaya. Iko inayodumu miaka. Lakini iliyo mbaya, ikikutana na maji na pasi, inaachia hapa na pale, na hapo ndipo vipovu vinatokea. Hakuna dawa yake. "Madamu," mzee aliniambia, "hapa ninaweza kushona kwapa. Lakini kifua hiki kimekwisha."

Akanionyesha jambo la pili. Alifungua mshono wa mgongo, akapima kitambaa kilichobaki ndani: karibu hakuna kitu. Anayeshona maelfu ya nguo anakata karibu kabisa na mshono, ili asipoteze kitambaa. Kwa hiyo nguo ya namna hiyo inaweza kupunguzwa, lakini kuongezwa haiwezekani. Mwenyewe akinenepa kidogo, imekufa.

Na kile kitambulisho juu ya mkono? Mzee alicheka. "Hiki ni cha butiki, ili mteja aone aina ya kitambaa. Ukinunua, unakitoa. Ninyi mliingia nacho kwenye komini."

Nilirudi nyumbani nikamweleza mama. Mama hakusema neno. Aliingia chumbani, akafungua mala yake ya chuma, akatoa vikwembe kimoja kimoja akavipanga kitandani, na chini kabisa, ndani ya shuka pamoja na naftalini, akatoa kostimu ya papa.

Hapa inafaa niwakumbushe historia kidogo, kwa ajili ya wadada waliozaliwa nyuma. Papa alikuwa mwalimu kama mimi. Katika ujana wake, wakati wa Mobutu, kostimu na kravati vilikatazwa. Mwanaume wa ofisi alivaa abakosti, jina linalotoka katika maneno ya Kifaransa yenye maana ya "kostimu ianguke". Ilikuwa vesto isiyovaliwa na kravati, na hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu miaka ya 1970 mpaka tarehe 24 mwezi wa nne 1990, siku ile Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja. Siku hiyo alisema pia kwamba mwenye kutaka avae kravati, ila yeye mwenyewe hatumwoni nayo. Papa alingoja, akakusanya feza kidogo kidogo, na katika mwaka 1991 akashonesha kostimu yake ya kwanza na ya mwisho, ya sufu, rangi ya majivu. Aliivaa katika ubatizo wetu, katika harusi za ndugu, katika matanga, na kila mwaka siku ya kutangaza matokeo ya wanafunzi. Alipofariki, ndugu zake walikuja kugawana vitu vyake kama desturi ilivyo. Waliondoka na redio, kinga na viatu. Kostimu haikuonekana, na hakuna aliyethubutu kufungua vikwembe vya mjane.

Mama akanipa akaniambia: "Peleka. Fundi aseme ukweli."

Mzee aliitandaza juu ya meza, akapitisha mkono, akaiinua kwenye mwanga wa mlango kutafuta matundu ya wadudu. Alipata mawili madogo. Kisha akamvalisha mdogo wangu, akazunguka nyuma yake, akakaa kimya kwa muda. Mwisho akaweka kidole mahali mshono wa mkono unapokutana na bega, akasema: "Mabega ni yale yale. Tunaweza."

Nilimwuliza kwa nini anaanza na mabega. Alinieleza kwamba kifua unaweza kukipunguza, kiuno unaweza kukirekebisha, pantalo unaweza kuifupisha kwa dakika 20, lakini bega likikosea, sherti ufumue vesto karibu nzima. Urefu wa vesto nao haubadiliki ovyo, kwa sababu ukiupandisha sana mifuko inabaki chini mahali pabaya. Kwa hiyo, mama uliyeniuliza mbele ya kanisa, hata ukinunua ya tayari, angalia mabega kwanza. Yakiwa mabaya, rudisha, hata kama bei ni nzuri na rangi ni nzuri.

Mdogo wangu ni mwembamba kuliko papa, lakini ni mrefu kuliko yeye. Kupunguza kifua na kiuno hakukuwa shida. Shida ilikuwa mikono na miguu. Mzee akafungua upindo wa mkono wa vesto: ndani kulikuwa na kitambaa kingine, karibu sentimita nne. Akafungua upindo wa pantalo: sentimita sita. Katika mshono wa mgongo pia, kitambaa kilichofichwa. Mzee alivua miwani akaipangusa. "Fundi aliyeshona hii simjui," akasema, "lakini alijua kazi. Ameacha akiba."

Neno hilo, akiba, mimi mwana likilimba nililielewa mara moja. Mtu mmoja mwaka 1991, ambaye pengine amekwisha kufa, alikunja kitambaa ndani kwa ajili ya siku ambayo hakuiona. Hakuna mteja anayelipa kwa kitu kisichoonekana. Alifanya kwa sababu ndivyo kazi yake inavyotaka.

Mzee alimwita mdogo wangu kujaribisha mara mbili. Mara ya kwanza nguo ilikuwa imeshikwa kwa nyuzi nyeupe kubwa kubwa, na chaki kila mahali. Aligundua kwamba bega la kuume la mdogo wangu liko chini kidogo kuliko la kushoto, akarekebisha ndani bila kumwaibisha. Vitundu viwili vya wadudu alivifuma kwa nyuzi alizozichomoa ndani ya upindo wa nguo yenyewe. Upindo wa zamani wa pantalo uliacha alama nyepesi. Alituambia mbele kwamba haitatoka yote, na kweli haikutoka yote. Mimi ninajua iko wapi. Wengine hawakuiona.

Siku ya posho, kanisani, mdogo wangu alitembea amenyoosha mikono yake. Mama alikuwa amekaa mstari wa kwanza. Alipopita mbele yake, mama aliinuka, akatengeneza kola ambayo haikuhitaji kutengenezwa, akakaa tena. Sitaongeza neno.

Sasa turudi kwenye hesabu, maana hatuwezi kula machozi.

Wengi wetu tunauliza bei, tunasahau kuuliza miaka. Tuseme unanunua kostimu ya tayari dola 60, kijana anaivaa mara tatu, inaharibika. Kila kuivaa kumekugharimu dola 20. Tuseme unashonesha ya dola 150, anaivaa mara 50. Kila kuivaa ni dola tatu. Na nyuma ya hapo inabaki nguo ambayo inaweza kupunguzwa kwa mdogo wake. Ni hesabu ya darasa la nne, lakini mbele ya vioo vya butiki mimi mwalimu niliikosa.

Sisemi kwamba kila mtu ashoneshe. Feza ikiwa ndogo, iko njia ya katikati: nguo za chagua. Katika balo zinazofunguliwa sokoni Kadutu mara nyingine inaonekana vesto ya sufu iliyoshonwa vizuri, ambayo mwenyewe huko Ulaya aliichoka tu. Angalia mabega, angalia kama ndani kuna akiba, angalia kwapa na makalio kama hazijaisha, kisha ipeleke kwa fundi airekebishe. Vesto ya zamani iliyorekebishwa kwa mwili wa mtu inampendeza kuliko mpya inayomning'inia. Na hapa Bukavu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, asubuhi zetu za baridi zinaruhusu sufu. Si kama kule Uvira kwenye joto, ambako afazali kitambaa chepesi.

Lakini nisiwasifu mafundi peke yake kama mtu aliyelipwa. Mafundi nao wana makosa, na tunayajua. Wanapokea kazi nyingi kuliko mikono yao wakati wa Noeli na wakati wa harusi. Wanasema "kesho" mpaka neno hilo linakosa maana. Mwingine anakata kabla ya kusikiliza. Na sisi wateja tuna yetu: tunaleta kitambaa siku tano mbele ya harusi, tunataka kulipa nusu, na nusu nyingine tunamwambia "tutaonana". Bibi wa mzee alinionyesha kurasa za daftari lake, majina ameyafunika kwa kiganja. Madeni yalijaa kurasa tatu. Wengine ni watu wanaovaa kazi yake kila siku ya yenga na kukaa mbele kanisani. Siku atelie hiyo itakapofungwa, tutasema "ni maisha". Hapana, ni sisi.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayomshauri mama aliyeniuliza, na yeyote mwenye kijana:

Nenda kwa fundi miezi miwili mbele, si juma mbili. Kwanza mpe kazi ndogo, pantalo moja, uone mshono wake na kama anatimiza siku aliyosema. Mwombe akuonyeshe vesto aliyoishona, uigeuze ndani.

Kwa kostimu ya mwanaume wa kimo cha kawaida hesabu mita tatu mpaka tatu na nusu za kitambaa chenye upana wa mita moja na nusu. Usinunue kabla ya kumwuliza fundi, ao enda naye. Umkumbushe kulowesha kidogo na kupiga pasi kitambaa cha sufu kabla ya kukata, ili kisirudi ndani baadaye.

Mwambie aache akiba katika mgongo, kiuno, mikono na miguu. Fundi mzuri atafurahi kusikia mteja anaomba hivyo.

Andikeni pamoja katika daftari: bei, feza iliyotangulia, siku ya kujaribisha, siku ya kumaliza. Kisha wewe nawe ulipe yote siku ya kuchukua. Kijana aende mwenyewe kupimwa, na avae viatu atakavyovaa siku ile, kwa sababu urefu wa pantalo unatoka hapo.

Nguo ikiisha kushonwa, sufu usiifue kwa sabuni ndani ya beseni. Ipanguse kwa burashi, ianike kwenye hewa kivulini, ipige pasi juu ya kitambaa kibichi, itundike kwenye kitundikio kipana, si kwenye msumari.

Neno la mwisho. Katika atelie ile kuna msichana mmoja anayejifunza. Alikosa feza ya masomo, mama yake akamleta. Wasichana wengi wanaojifunza kushona katika mji wetu wanaishia kwenye nguo za vikwembe, na ni kazi nzuri. Lakini vesto ndiyo inayolipwa zaidi, na tumezoea kuiita kazi ya wanaume. Mzee hana mtoto anayetaka kuendelesha kazi yake. Nilimkuta msichana huyo amefumua ile vesto nyeusi ya mjini, ambayo tuliwaachia, akihesabu vipande vyake vyote ili ajue inavyofungwa. Kwa hiyo hata kosa langu limepata mwanafunzi.

Kazi ya nyumbani ya juma hili ni fupi: mwombe bwana yako ao kijana wako vesto yake, igeuze, tafuta akiba. Ukiikuta, mshukuru fundi. Usipoikuta, sasa unajua cha kuuliza mara ijayo. Na kama jina lako liko katika daftari la mtu fulani kwenye kartie yako, pita kulipa kabla ya siku ya yenga.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.